Kibuyu cha Asali na Chambo cha Angani

Kama ulikuwa unakula, msomaji wangu, weka sahani pembeni kwanza. Ya wiki hii yananuka.

Kwa aliyekosa gazeti lililopita, nitamsimulia kwa mkato. Ndama alinisukuma, nyonga ikateguka, nikakatazwa kuchunga hata kuku. Mjukuu wangu Lucia, niliyemlea tangu mama yake afariki, akawa ananipakia kwenye bodaboda kila asubuhi na kunishusha kwenye steshenari yake hapa Balangdalalu, nisibaki nyumbani nagombana na ukuta.

Mle ndani vijana hucheza gemu la vita vya ndege. Si hizi ndege za siku hizi, ni zile za zamani zenye pangaboi puani. Unakutana angani na watu wa dunia nzima, mnatunguana. Nikatazama. Nikacheka. Nikaomba mausi. Mimi Natalia, mama Gidahosh, niliyeishia darasa la nne kwa sababu darasa la tano lilikuwa mbali, leo ni rubani.

Wakati huohuo akaja mchumba. Nicodemo, mwenye duka la pembejeo kule Daudi, juu kwa Wambulu. Akaleta kibuyu cha asali kumwomba Lucia. Mwanangu Gidahosh, mjomba wa Lucia, akapokea huku ameonyesha meno yote.

Sasa shikeni hapa, maana bila hili hamtanielewa. Kwetu asali ya mchumba ikishaingia bomani, binti hana mdomo tena. Anayeweza kuirudisha ni mwanamke mkubwa wa nyumba, na ni lazima awe hajaionja. Akiionja, amekubali. Binti ameenda.

Mwanamke mkubwa wa nyumba ni mimi. Kibuyu kiliwekwa uvunguni mwa kitanda changu kusubiri siku ya kuonja, Jumamosi.

Nilimuuliza Lucia, "Unamtaka?"

"Mjomba ameshapokea, Bibi."

"Sikukuuliza habari za mjomba."

"Simjui, Bibi. Anaongea vizuri. Nitasema nini?"

Basi nikaamua kumjua kwa niaba yake. Lucia aliniambia kwamba Nicodemo naye hucheza gemu lile akiwa dukani kwake, na huko angani anajiita Kipanga. Nikamtafuta Kipanga. Nikajiita Kamanda Ngiri, nikaandika kwa kidole kimoja kwamba mimi ni kijana wa Babati. Akanikubali tuwe wawili, mmoja analinda mgongo wa mwenzake.

Hedifoni yangu kipaza sauti chake kilitafunwa na mbuzi, kwa hiyo mimi nilimsikia, yeye hakunisikia. Nilijibu kwa batani. Gemu lina maneno yake tayari, unabonyeza tu: Ndiyo. Hapana. Nifunike mgongo. Asante. Hongera. Kuna ndoa zimedumu kwa maneno machache kuliko hayo.

Na nikiri mapema. Mwanzoni nilimpenda kijana yule.

Alikuwa anafundisha. "Ngiri, sikiliza. Kule juu ndiko ghala lako liliko. Ukiwa juu una mbio umeziweka akiba. Ukishuka unazitumia, ukipanda unazirudisha. Anayezungukazunguka chini ghala lake limeisha, anasubiri kufa."

Ndiyo!

"Ndege nyepesi usizunguke nayo, itakuingia ndani ya mzunguko wako. Shuka kwa kasi, piga mara moja, panda uondoke. Usibaki kutazama kama umeua."

Ndiyo!

"Na usilenge ndege yenyewe. Lenga mbele ya pua yake, pale itakapofika. Halafu jua liwe mgongoni mwako. Atakayekutazama aone machozi tu."

Nikasema moyoni, huyu mtoto ana akili. Mtu wa Daudi amezaliwa juu, lazima ajue faida ya juu. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya kijinga, na furaha ya kijinga hunipa njaa. Tutalirudia hilo.

Sasa ya wiki hii.

Jumatano, mchana. Lucia alikuwa ameenda Katesh kununua wino wa printa. Nikavaa hedifoni.

"Ngiri mwanangu!" akasema Nicodemo. "Leo nataka tufanye ile kazi yenyewe. Uko tayari?"

Ndiyo!

"Wewe shuka chini kabisa, karibu na mto ule. Jizungushe, jioneshe. Wakija, mimi niko juu yako, kwenye jua. Nawashukia."

Nikashuka. Nikajizungusha kama mama mkwe mlevi harusini. Kweli wakaja, ndege mbili, nyuma yangu. Nikakata kushoto. Wakakata kushoto. Nikakata kulia. Mbio zikaanza kuniisha, ndege ikawa nzito kama ng'ombe aliyelishwa chumvi.

Nifunike mgongo!

"Vumilia, Ngiri. Bado."

Risasi zikaingia kwenye bawa. Moshi.

Nifunike mgongo! Nifunike mgongo!

Akacheka. Nilimsikia vizuri sana, maana sikio langu la kulia bado ni zima. "Zungusha tu, zungusha. Wamalize mbio zao."

Bawa likang'oka. Nikaruka na parachuti, nikawa naning'inia pale hewani kama suruali kwenye kamba, natazama.

Ndipo akashuka. Wale wawili walikuwa wamenizunguka mpaka wamechoka, wako chini, wazito, hawana pa kukimbilia. Akampiga wa kwanza, akapanda. Akashuka tena, akampiga wa pili. Kazi safi. Jina lake likawaka juu ya kioo mara mbili. Langu lilikuwa na kichoro cha fuvu.

Rubani mmoja wa adui naye aliruka na parachuti. Nicodemo akageuza ndege, akarudi taratibu, akampiga akiwa ananing'inia.

Haiongezi kitu, wasomaji. Gemu halikupi hata nukta moja kwa hilo. Alifanya kwa raha yake.

Nilisikia mate yamejaa mdomoni, yale mate yanayotangulia kutapika.

"Umeona?" akasema. "Ngiri, wewe ni chambo mzuri. Wengine wakigundua wanagombana, wewe huna neno. Ndiyo maana nakupenda."

Asante! nikabonyeza.

"Maisha yako hivyohivyo, bwana. Mtangulize mtu chini, wewe kaa juu. Unajua naoa?"

Hongera!

"Jumamosi naenda Balangdalalu. Kuna kabibi kamoja kule ndiko kamekalia mlango. Nakapelekea ugoro, nakasifia eti kana macho ya msichana. Kanachekaaa! Hakana hata meno."

Wasomaji, meno ninayo. Manne. Na yote yanafanya kazi.

"Nimekaahidi nitakachukua tukaishi wote Daudi. Kakishaonja asali tu, nakapakia gari la kwanza kwenda Tumati kwa mdogo wake. Nyumba yake nataka iwe stoo ya mbolea."

Ndiyo!

"Na ile steshenari ya mchumba naifunga. Mke wa nini kukaa na vijana kutwa? Kompyuta nazipandisha Daudi nichezee. Moja nitakupa wewe, Ngiri. Si rafiki yangu?"

Ndiyo! Ndiyo!

Ugoro alioniletea pamoja na asali ulikuwa mfukoni mwangu. Nikautoa, nikautupa mlangoni. Kuku akaja akaunusa, akapiga chafya, akaondoka. Hata kuku.

"Twende raundi nyingine," akasema. "Shuka kama mwanzo."

Ndiyo! nikabonyeza.

Sikushuka.

Nilipanda. Nikapanda mpaka mto ukawa uzi. Nikaliweka jua mgongoni kama alivyonifundisha mwalimu wangu. Kipanga alipoona chini hakuna mtu, akashuka mwenyewe kunitafuta, na watatu wakamwona.

"Ngiri! Uko wapi?"

Nikazidi kupanda.

"Nifunike mgongo! Wako nyuma yangu! Ngiri!"

Nilikuwa juu yake kabisa. Ningeshuka ningewatawanya wote watatu. Walikuwa wamepangana vizuri kama mbuzi kwenye josho. Nikatazama moshi unatoka kwenye mkia wake. Nikatazama anavyokata kushoto, anakata kulia.

Asante! nikabonyeza.

"Ngiri mpumbavu! Mjinga wa Babati! Shuka!"

Hongera!

Akalipuka. Nilifurahi mpaka nyonga ikauma. Kumbukeni furaha hiyo pia. Itanidai.

Lucia aliporudi na wino alinikuta bado nimevaa hedifoni.

"Bibi, umekula?"

"Sitaki kula. Nimeona kitu cha kutapisha."

Nikamwambia yote, stoo ya mbolea mpaka kompyuta. Hakulia. Alikwenda akaifuta kompyuta moja vumbi, halafu ya pili, halafu akarudia ya kwanza.

"Irudishe asali, Bibi," akasema. Ni mara ya kwanza nilimsikia anaomba kitu tangu shule ya msingi.

"Nitairudisha."

"Kweli?"

"Kwani mimi ni nani?"

Swali zuri. Tutafika.

Nilikwenda kwanza kwa Gidahosh. Alikuwa anamkamua ng'ombe mwenye ndama yule yule aliyeniangusha.

"Mama, kwenye gemu?" akasema. "Unataka nikavunje uchumba wa mtoto kwa sababu ya gemu? Nitamwambia nini baba wa Nicodemo? Kwamba mama yangu alikuwa Babati, akajiita ngiri, akaangushwa ndege?"

"Amesema nyumba yangu iwe stoo."

"Alikuwa anatania."

"Alimpiga mtu kwenye parachuti."

"Mtu gani?"

"Simjui."

"Yuko wapi sasa huyo mtu?"

"Nitajuaje? Labda Brazili."

Gidahosh akaendelea kukamua. Mwanangu huyu nilimzaa kwa shida. Siku ile nilitamani nimrudishe.

Basi nikafanya kitu ambacho wanaume wa kwetu hawapendi kukisikia. Nilikwenda kwa bi Marieta.

Bi Marieta alibatizwa uzeeni akapewa jina hilo zuri, lakini hasira zake hazikubatizwa. Ndiye mkubwa wa kikao cha akina mama. Sisi Wadatoga, mwanaume akimkosea mwanamke, wanawake huketi wenyewe, wanamhukumu. Wanaume husimama mbali, karibu na miiba ya boma, wanasubiri kuitwa. Hukumu ni faini ya dume jeusi la ng'ombe. Akikataa, akina mama wanamwachia maneno yao ya laana, na hakuna mwanaume niliyewahi kumwona anatembea vizuri baada ya maneno yale.

"Shitaka lako ni lipi?" akaniuliza.

"Kuna mwanaume ameniacha niuawe."

Akanitazama kuanzia kilemba mpaka kandambili. "Na umekuja kwa miguu?"

"Kwa bodaboda."

"Keti. Anza upya."

Jumamosi ikafika. Nicodemo akashuka kutoka Daudi na shati jeupe na viatu vilivyochongoka kama pua ya ndege. Alitegemea wazee wa kiume na kibuyu. Akakuta uwanja wa boma umejaa wanawake waliokaa chini, miguu imenyooshwa, fimbo zimelazwa mapajani.

"Shikamooni," akasema.

"Marahaba. Simama hapo hapo."

Gidahosh akataka kusogea. Bi Marieta akamwonyesha miiba kwa fimbo. Akarudi kwenye miiba.

"Natalia, sema."

Nikasema. Sasa fikirieni kazi niliyokuwa nayo, kuwaeleza akina mama wa Balangdalalu vita vya ndege.

"Alikuua au hakukuua?" akauliza mmoja.

"Waliniua wengine. Yeye alitazama."

"Mbona jana ulikula kwangu ugali, tena ukaongeza?"

Wakacheka. Nicodemo naye akacheka, akapata nguvu. "Mama zangu, ni mchezo huu. Wa kompyuta. Bibi amechanganyikiwa kidogo. Mimi sijawahi kucheza na bibi. Mwenzangu ni kijana wa Babati."

"Anaitwa nani?" nikamuuliza.

"Kamanda Ngiri."

"Ngiri, wewe ni chambo mzuri," nikasema kwa sauti yake. "Wengine wakigundua wanagombana, wewe huna neno."

Kicheko chake kikakatika.

"Kuna kabibi kamoja kule ndiko kamekalia mlango. Kanachekaaa. Hakana hata meno." Nikawaonyesha akina mama meno yangu, yote manne. "Endelea mwenyewe, Kipanga. Kuhusu nyumba yangu ulisemaje? Itakuwa stoo ya nini?"

Uso wake ukawa kama maziwa yaliyolala. Alinitazama, akaitazama mikono yangu, akamtafuta Ngiri ndani yangu akampata.

"Wewe!" akasema. "Ndiye uliyeniacha!"

Hakujua amekiri. Akina mama walijua. Bi Marieta akapiga fimbo chini.

"Nieleze hiki chambo, Natalia. Taratibu."

"Ni hivi. Fisi wamekuja bomani. Mwanaume anakwambia, mama, toka nje, kimbia mbele yao, mimi niko juu ya jiwe na mkuki, nakulinda. Unatoka. Unakimbia. Unamwita. Anakwambia vumilia. Fisi wanakula wanashiba, matumbo yanakuwa mazito, hawawezi kukimbia. Ndipo anashuka anawachoma, anakwenda kijijini kutangaza ameua fisi wawili."

Halafu mwanamke mmoja akatema mate pembeni. Akafuata mwingine. Wakatema wote, mstari mzima, kama mvua ya kwanza kwenye mabati.

"Lakini hakuna aliyekufa!" Nicodemo akapaza sauti. "Na ndivyo wanavyocheza watu wote!"

"Kwenye mchezo hakuna njaa, hakuna ugonjwa, hakuna mtoto anayelia," akasema bi Marieta. "Huko kote umeshindwa kushuka. Huku chini mwaka wa ukame utamfanya nini binti yetu?"

"Mimi ni Mmbulu, mama. Sheria zenu hazinihusu."

"Mke unayemtaka ni wa wapi?"

Lucia alikuwa amesimama mlangoni kwangu, mikono nyuma. Nilimwona anapumua, kweli anapumua, kama mtu aliyewekewa mzigo mzito kichwani ukashushwa.

Bi Marieta akatoa hukumu. "Kwa kumwita mwanamke mzima kwa jina la kitu kidogo, utaleta dume jeusi lisilo na doa. Na asali yako inarudi nawe leo hii. Lucia, lete kibuyu."

Wasomaji wangu, hapo ndipo nilipoanza kutafuta visingizio.

Lucia akaingia ndani. Nikasema haraka, "Bi Marieta, kibuyu apelekewe kesho. Jua kali, asali itachemka."

"Asali tangu lini ikachemka?"

Lucia akatoka nacho amekikumbatia. Akamfikishia Nicodemo bila kumtazama usoni.

"Chukua uende," akasema bi Marieta.

Nicodemo akakipokea. Akakipima kwa mikono. Mwenye duka huyu, maisha yake ni kupima. Akakipima tena. Halafu nikaona kitu ambacho nyinyi mngekiona kama mngekuwa marubani. Sote tulikuwa tumeshashuka. Tumeshatema, tumeshapiga kelele, mbio zetu zote tumezitumia. Yeye alikuwa ameanza kupanda.

"Nina haki ya kukifungua mbele yenu," akasema kwa upole. "Nijue narudi na kile nilicholeta."

Hakuna aliyeweza kumkatalia. Ndiyo taratibu.

Akatoa kizibo. Nta aliyozibia yeye ilikuwa imebandikwa upya na dole gumba la mtu asiye na haraka. Akachungulia. Akaingiza kijiti, akakitoa. Asali ilikuwa imeshuka chini ya shingo ya kibuyu kiasi cha kiganja kizima.

"Imeonjwa," akasema.

Sasa nikiri. Ni siku zile nilizompenda, alipokuwa ananifundisha habari za jua na ghala, nikirudi nyumbani na ile furaha ya kijinga. Kibuyu kiko chini ya kitanda changu, mgongo wangu uko juu yake, harufu inapanda. Nilianza na kidole. Nikaona kidole ni kifupi. Nikachukua kijiko cha uji. Nilijiambia, huyu kijana si nitamkubali tu? Kuna tofauti gani, leo au Jumamosi? Na ilikuwa tamu, mkosi wake. Tamu kuliko yeye.

Tangu Jumatano nilijidanganya kwamba hakuna atakayekifungua. Nikawaita akina mama wote wale, nikatamba mbele yao, nikijua nini kiko uvunguni. Najisikia kinyaa hata kuandika.

"Nani ameonja?" akauliza bi Marieta. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Akina mama wakatazamana.

"Kama ni mkubwa wa nyumba," akaendelea, na akasema kwa shida, "neno limeshatoka. Dume litabaki dume, lakini binti ni wa huyu. Hata mimi siwezi kulirudisha. Nani ameonja?"

Nicodemo hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa ananitazama mimi, na tabasamu lake nililijua, ingawa siku zote nililisikia tu kwenye hedifoni. Vumilia, Ngiri. Bado.

Nikakohoa. Nikashika fimbo yangu.

"Mimi," akasema Lucia.

Kila kichwa kikageuka.

"Nimeonja mimi. Usiku mmoja Bibi alipokuwa amelala. Nilikuwa na hamu."

Akina mama wakashika midomo. Mmoja akasema polepole, "Mtoto, unajua unasema nini?"

Alijua. Binti akionja asali ya mchumba wake mwenyewe, ndoa haipo, sawa, lakini ameidharau nyumba na wanawake wote waliokuja kabla yake. Anatolewa kwenye kikao cha akina mama. Hakuna atakayempikia akiugua. Hakuna atakayemshika mkono akijifungua. Hasalimiwi njiani mpaka siku watakayoamua kumrudisha, na wapo waliozeeka kabla ya siku hiyo. Steshenari ile angeiingia nani?

Na kile kijiko, wasomaji. Kile kijiko cha uji nilikiacha kwenye beseni kinanata. Asubuhi nilikikuta kimeoshwa, kimeanikwa. Lucia ndiye aliyekiosha. Hakuniuliza kitu. Alijua toka siku ile.

Alikuwa amesimama katikati ya uwanja, peke yake, chini kabisa. Ameshuka ili wamwone. Wote walimgeukia yeye, na mimi nikabaki salama pembeni, jua la saa nane liko mgongoni mwangu. Nililisikia linavyochoma shingo.

Nilishawahi kukaa hapo. Jumatano. Nilibonyeza Asante.

Bi Marieta alinyanyua fimbo yake kumtoa Lucia. Uso wake ulikuwa wa mtu anayechinja mbuzi aliyemlea kwa chupa.

"Subirini," akasema Nicodemo. Si mjinga, huyu. Alishanusa nani kati yetu ananukia asali. "Binti anaweza kusema lolote. Mlinzi wa kibuyu ni Bibi Natalia. Kilikaa chini ya kitanda chake. Yeye athibitishe mbele ya kikao." Akanisogelea hatua, akainama kwa heshima kama mkwe mwema. "Bibi, swali langu ni jepesi. Ni Lucia aliyeonja? Ndiyo, au hapana?"

Lucia alinitazama. Akatikisa kichwa kidogo sana, mimi tu nikaona. Alikuwa ananiomba nisishuke.

Nikisema ndiyo, nimemwachia fisi. Nikisema hapana, nimemkabidhi kwa Nicodemo, na kompyuta zake, na nyumba yangu kwa mbolea.

Ulimi wangu ulikuwa na ladha ya asali ile ile, imechacha.

Nikasimama. Nyonga ikalia kwa sauti, akina mama wote wakaisikia.

"Natalia," akasema bi Marieta. "Jibu."

Nikamvuta Lucia kwa mkono nikamweka nyuma yangu. Nikamtazama Kipanga wa Daudi machoni, nikafungua mdomo, na neno lililotoka halikuwa ndiyo, wala halikuwa hapana. Neno lenyewe nitawaletea wiki ijayo.